Mto wa Mahameli

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kosa la neno moja tu. Jumanne ile nilirudi kutoka kwa bibi Mzungu wa mtaa wa Observatory, nikamkuta mama ameinamia cherehani, nikamwambia, "Bibi anataka umshonee mto."

"Mukubwa ao mudogo?" mama akauliza.

"Mdogo. Mdogo sana, anasema."

"Rangi gani?"

Nikasema rangi hakutaja, ila alitaka uwe laini panapotakiwa ulaini na mgumu panapotakiwa ugumu. Mama akatoa pini mdomoni. "Bazungu na mambo yabo," akasema, akaendelea na kazi yake.

Ijumaa mto ulikuwa tayari. Wa bluu, mzuri, umeshonwa kwa mishono midogo midogo. Upande mmoja mama aliujaza pamba, upande wa pili vipande vya jinzi vilivyobaki dukani, ili uwe laini na mgumu kama mteja alivyoagiza. Pembeni alitarizi ua la njano kwa hiari yake. Nikautazama, nikaelewa nilichofanya, na sikusema neno. Niliutia kwenye mfuko wa plastiki nikaondoka nao. Ndivyo nilivyo. Nikijua jambo limeharibika, kwanza nanyamaza, nikitumaini litajitengeneza lenyewe.

Hapa inabidi nieleze. Mama ni fundi wa nguo. Duka lake ni nusu ya chumba Malvern, kwenye Jules Street. Nusu nyingine ni ya mwanamke wa Tanga anayesuka nywele, ambaye namwita Shangazi ingawa hatuna undugu. Sisi ni wa Uvira, tulikuja Johannesburg nikiwa na miaka mitano. Mama anakielewa Kiingereza, lakini kikifika mdomoni kinamkwama, kwa hiyo mimi ndiye mdomo wake. Watu hushangaa nikisema mimi ni mwoga wa kuongea, kwa sababu wameniona nikiongea na wateja mchana kutwa. Lakini yale si maneno yangu. Ya kwangu mwenyewe nayaandika hapa, kwa Kiswahili, kwa sababu darasani kwetu hakuna anayeweza kukisoma hata akiliiba daftari.

Bibi wa Observatory alikuwa mteja wa mapazia. Alizaliwa kwenye kijiji kimoja cha milimani Ujerumani, akaja huku ameolewa, muda mrefu kabla mama hajazaliwa. Sasa alikuwa peke yake kwenye nyumba ya mawe juu ya kilima, na kwa kuwa hakuweza tena kushuka ngazi za bustani, mimi ndiye niliyempelekea vitu nikitoka shule.

Basi siku hiyo alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akauchukua mto akaupapasa. Upande laini, upande mgumu, ua la njano. Halafu akaniuliza kwa upole, "Na maji yako wapi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Ikabidi niseme. Nikamweleza kwamba kwetu kile kitu unacholaza kichwa na kile kinachotiririka na maji vina jina moja. Yeye alikuwa ameniambia kwa Kiingereza kwamba anataka mto wa kwao, ule wa maji, ushonwe kwenye kitambaa, nami nikaufikisha kwa mama kama nilivyoufikisha.

"Liseme hilo neno tena," akasema.

"Mto."

Akalirudia. Akacheka mpaka akajifuta macho. "Huu nitaulalia," akasema. "Sasa tuanze ule mwingine."

Kisha akaniambia nisimame mbele yake, mkono mmoja tu kutoka usoni kwake. "Nikikutazama usoni, uso wako ni shimo," akasema. "Naona masikio yako, na kola ya shule. Katikati hakuna mtu." Daktari alikuwa amemwambia kwamba hata huko kuona kwa pembeni kutaondoka, pengine kabla jacaranda hazijachanua. Ulikuwa mwezi wa nane. Miti yote ya mtaa ule ilikuwa vijiti vitupu.

Nikasema pole.

"Giza siliogopi," akasema. "Naogopa kuchanganya. Juzi nimelala nikakifuata kijito chetu kichwani, nikafika kwenye kinu cha maji kabla ya malisho. Kinu hakiji kabla ya malisho." Picha hakuwa nayo, kwa sababu nani angepiga picha mfereji. Ndugu zake wote walikuwa wamekufa. Kijiji chenyewe kilikuwa kimekifukia kijito ndani ya mabomba, barabara ikapita juu. Kwa hiyo alitaka kishonwe, kiwe kitu cha kupapasa kwa kidole, kuanzia kilipotokea mpaka kilipoishia, na alitaka kiishe angali na hicho kidogo cha macho cha kukikagua. "Baada ya hapo," akasema, "mkikosea, hakuna mtu duniani wa kuwaambia."

Nilishuka kilima polepole siku ile. Dukani nikamweleza mama.

"Weye mutoto, uliniambia muto," mama akasema.

"Ndiyo, mto wa maji."

"Sasa si ungesema riviere. Ningejua."

Shangazi alikuwa anamsuka mtu, hakugeuka hata kidogo. "Hicho chaitwa kijito," akasema. "Mto ni ule mkubwa. Mwawafundisha nini watoto huko Kongo?"

"Huyu hakusomea Kongo, amesomea hapa," mama akajibu.

"Ndiyo maana."

Mteja akacheka, mama naye akacheka. Lakini nilipofika kwenye yale maneno ya mwisho ya bibi, mama aliacha kucheka, akauliza, "Kamuto hako kana urefu gani?"

Hilo nilikuwa nimeliuliza. Bibi alisema kilikuwa na urefu wa nusu saa ya mtoto mwenye njaa.

Kuanzia hapo nilikuwa napanda kila Jumanne na Ijumaa na daftari la michoro. Yeye alisema, mimi nilichora na kuandika. Chemchemi niliiweka sehemu ya juu ya ukurasa, na maji yakashuka kuja kwangu.

Sijui nitaelezaje nilivyoshangaa. Nilidhani nitaandika jina la kijito, kona hapa, daraja pale, basi. Hata jina wanakijiji hawakulitumia. Kwenye ramani za serikali kilikuwa nalo, lakini kijijini walikiita Kijito tu, kama vile duniani hakuna kingine. Kilitokea chini ya mizizi ya mti, kwenye tundu ambalo ngumi ya mtoto ingeziba. Mtoto angeweza kusimama mguu mmoja upande huu na mmoja upande ule, akiwa juu ya mto mzima. Na hicho kitu, hicho kiduchu, kilifanya kazi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Kwanza kwenye chemchemi palikuwa na beseni la jiwe. Maji ya kahawa yalitoka hapo, na ya kuogeshea watoto wachanga, na kwa mengine hapakuguswa. Chini yake yalikuwa malisho. Kila familia ilikuwa na saa yake ya kunyanyua ubao na kuyaachia maji yaende kwenye majani yao, na saa ilipimwa kwa kengele ya kanisa. Kisha mashimo ya kuloweka kitani, ile mimea ya kutengenezea nyuzi, ambayo ilipooza ilinuka mpaka watu walifunga madirisha. Hayo yeye hakuyaona yakifanya kazi. Wakati wake yalikuwa mabonde madogo yenye vyura, na hadithi yake alipewa na nyanya yake.

Halafu maji yalizuiwa yakawa bwawa, na chini ya bwawa kinu cha kusagia ngano. Gurudumu lilikuwa refu kuliko mlango wa nyumba. Nikamuuliza maji yalikuwa na kina gani. Akaonyesha chini ya goti lake. Yaani maji ambayo hayawezi hata kulowesha gauni lako yalizungusha jiwe ambalo ng'ombe wawili hawakuweza kulisogeza. Na msimu wa baridi bwawa hilo hilo liliganda, watu wakalikata kwa msumeno vipande vipande kama mikate, wakavifukia kwenye nyasi kavu ndani ya pishi la muuza bia, na barafu ile ilidumu mpaka joto likaja. Hapo niliacha kuandika. Nikamuuliza kama ananitania.

"Uliza swali lingine," akasema, "usiniulize kama mimi ni mwongo."

Chini ya kinu palikuwa na mhunzi. Nyundo yake ilikuwa kubwa mno kwa mkono wa mtu, ikanyanyuliwa na maji na kudondoka, kunyanyuliwa na kudondoka, tangu asubuhi. Ilipokoma kabisa, bibi akiwa na miaka saba hivi, watu wa kijiji waliendelea kupaza sauti mwezi mzima walipoongea, kwa sababu walishazoea kuishinda nyundo. Baba yake alimwambia mama yake "nipitishie chumvi" kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya shamba.

Baada ya hapo pa kufulia, ambapo wanawake walipiga magoti juu ya vibao, na shuka zikatandazwa kwenye majani na kunyunyiziwa maji siku baada ya siku mpaka jua lizifanye nyeupe. Na mwisho kabisa, mtengenezaji wa ngozi, na maji yake ya kahawia yanayonuka. Mwisho, kwa sababu anayechafua lazima awe chini ya wote. Nikauliza nani aliandika sheria hiyo. Akasema haikuandikwa, kila pua iliijua. Baada ya ngozi palikuwa na mti mmoja umeinama majini, na hapo Kijito kiliingia kwenye mto mkubwa. Ng'ambo ya mti ule watoto hawakuruhusiwa.

Wiki hiyo maji yalikatika Malvern siku nne. Tulipanga foleni kwenye lori la maji na ndoo zetu, na nilipokuwa nabeba ndoo ya lita ishirini, kishikio kinanikata vidole, niliwaza kitu ambacho sijawahi kuwaza. Kwangu mimi maji ni mzigo. Ni kitu unachokibeba. Haikuwahi kunijia kwamba maji yanaweza kubeba, kunyanyua, kusaga, kupiga chuma. Na njiani kwenda shule huwa navuka mtaro wa zege kule bondeni, wenye matairi na chupa. Siku moja nikasimama nikautazama. Una kona. Hakuna mtu anayejenga mtaro akaupa kona za namna ile bila sababu. Ulikuwa kijito kabla haujawa mtaro, nami nimepita juu yake miaka minne bila kuujua.

"Huyu mtoto," Shangazi akasema siku nyingine, "hata mkate wa kiduka cha spaza hanunui mpaka aende na mwenzake, leo ahoji wazee wa Kizungu? Atakuja kuwa wakili, mtaona."

"Achana naye," mama akasema, lakini alifurahi.

Mama alianza na turubai zito la kijani, lenye urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Chemchemi ilikuwa shanga moja. Malisho yalikuwa kodurai, maana mistari yake ukiipapasa ni kama majani yaliyokatwa. Mashimo ya kitani, gunia lililochambuliwa nyuzi. Bwawa, satini baridi. Kinu kilikuwa kifungo kikubwa cha koti, na alikishona kwa kukilegeza ili kidole kikizungushe. Nyundo, kipande cha zipu ya chuma. Pa kufulia, lesi. Ngozi, ulimi wa kiatu changu cha zamani.

Lakini Kijito chenyewe kilimshinda. Alishona utepe wa kawaida, akafumba macho, akapitisha kidole, akatingisha kichwa. Akashona kamba, akafumba macho tena.

"Iko nini?" nikauliza.

"Sijue maji inaenda wapi," akasema. "Naweza anzia huku, naweza anzia kule, ni moja. Hii iko kamba tu. Muto iko na kwenye inaenda."

Siku tatu hakugusa turubai. Siku ya nne alikuwa anakata suti ya mahameli ya mama mmoja wa kwaya. Kila fundi anajua mahameli ina vinyweleo vilivyolala upande mmoja, na vipande vyote lazima vikatwe vikielekea huko huko, la sivyo nguo inakuwa na rangi mbili. Mama aliwahi kuharibu gauni la harusi namna hiyo, Uvira, na hajasahau. Alikuwa anaipapasa ili ajue upande. Mkono ukasimama. Akaupeleka mbele, akaurudisha nyuma. Mbele, nyuma.

"Njoo huku," akaniita. "Funga macho." Akashika kidole changu akakipitisha. Kuelekea huku mahameli ililala, ikanipokea, kidole kikaenda chenyewe. Kuelekea kule ikasimama, ikanizuia kidogo kidogo, kama maji yanavyokusukuma miguu. Nilifungua macho nikamtazama mama. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuiona Ujerumani, hajawahi kuona kinu cha maji, alifika darasa la sita. Na alikuwa ameyafanya maji yatiririke kwenye kitambaa kikavu.

"Shangazi, jaribu," nikasema.

Shangazi akajaribu. Mara hii hakuwa na mzaha. "Subhanallah," akasema polepole. "Chateremka."

Sasa nafika pabaya. Jumatatu moja, kwenye somo la jiografia, mwalimu alichora mto ubaoni, akasema ukingo wa kushoto na wa kulia huhesabiwa na mtu aliyeelekea yanakokwenda maji. Bibi alikuwa ameniambia "kinu kiko kushoto," "pa kufulia kushoto," "ngozi kulia," nami kila mara nilifuata kushoto na kulia kwa ukurasa wangu. Lakini maji kwenye ukurasa wangu yalikuwa yanakuja kwangu. Mtu anayeshuka nayo, kushoto kwake ni kulia kwangu. Pengine nilikuwa nimekigeuza kijito chote.

Kwa nini sikumuuliza tangu mwanzo? Nasema ukweli: swali lilinijia siku ya kwanza kabisa. Nililimeza. Niliona kumuuliza mtu mzima "ulikuwa umeelekea wapi" ni kama kumwambia hajaeleza vizuri. Na sasa, nilipojua, nikanyamaza tena. Jumanne nikaenda kwake nikanyamaza. Jumatano na Alhamisi mama akashona, mimi namtazama. Ijumaa bibi alinimiminia chai, na chai ikaingia kwenye sahani, kando ya kikombe, naye hakuona. Akaendelea kumimina akiniuliza habari za shule. Nikasogeza kikombe chini ya birika bila kusema. Jioni ile nilimwambia mama.

Hakupandisha sauti. "Siku ngapi umejua?"

"Tano."

"Na mimi nimeshona siku ngapi?"

Nikainua vidole viwili.

Akachukua kile kichuma cha kufumulia, akakiweka mezani, katikati yetu. "Sifumue kitu kama sijue ni gani ya kufumua. Kesho upande kule, umuulize."

"Mama, twende wote."

"Mi niende kusema nini? Kinywa ni yako."

Jumamosi asubuhi nilisimama mlangoni kwa bibi muda mrefu kabla ya kubonyeza kengele. Nilipoingia nilisema yote mara moja, bila kupumua, nikitazama zulia. Kwamba sikuuliza. Kwamba nilijua tangu Jumatatu. Kwamba labda kinu, nyundo, pa kufulia, ngozi, vyote viko upande usio wake, na kwamba ni mimi, si mama.

Bibi akauliza, "Kinu nilikwambia kiko wapi?"

"Kushoto."

"Ndiyo, kushoto." Akafikiri. "Na pa kufulia?"

"Kushoto."

"Kushoto," akasema, lakini sasa sauti ilikuwa na wasiwasi. Alinyanyua mikono akaitazama, kama mtu anayetafuta iliyo yake, nami nikaona ameogopa kwelikweli, na kwamba mimi ndiye niliyemtia hofu hiyo. Alikuwa hajui.

Halafu akasema, "Nisaidie nisimame."

Tukaenda kwenye ukumbi mwembamba, ule unaotoka sebuleni mpaka jikoni. Akasema sebuleni ndiyo chemchemi, na jikoni ndiyo mto mkubwa. Akatembea akigusa kuta, akasimama kwenye mlango wa bafu. "Hapa ni nyumbani kwetu," akasema. Hilo hakuwa ameniambia kabla. Nilikuwa nimemuuliza kazi za kijito tu, sikumuuliza yeye aliishi wapi.

Akafumba macho. "Asubuhi. Naenda shule." Akageukia sebuleni, kwenye chemchemi, akaanza kwenda hatua fupi fupi za mtoto, begani kama amebeba kitu. Mkono wake wa kushoto ukatoka wenyewe, ukagusa ukuta. "Nyundo," akasema. Hatua nyingine. Mkono ule ule. "Kinu." Alikuwa anapanda. Alikuwa ameyapa maji uso wake.

Akarudi mlangoni pa bafu. "Mchana. Naenda na nyanya kufua." Sasa akageukia jikoni, akashuka, na mkono wa kushoto ukatoka tena, lakini ukuta ulikuwa mwingine. Niliuona kwa macho yangu. Kushoto kulikuwa kumehama. Mwanamke wa zaidi ya miaka themanini, haoni mbele yake, na mwili wake ulikuwa unajua kile ambacho mdomo wake haukujua. Kichwani hakuwa na ramani kama nilivyodhani, alikuwa na njia mbili, moja ya asubuhi na moja ya mchana.

"Umeandika?" akauliza, macho bado yamefumbwa.

Nikaandika. Juu ya nyumba, upande wa chemchemi, kila kitu kilikuwa sawa, maana akipanda, kushoto kwake ni kushoto kwa ukurasa wangu. Chini ya nyumba, pa kufulia na ngozi vilikuwa upande usio wao. Viwili tu.

Nilikimbia sehemu ya njia kurudi. Mama alisikiliza, akafumua lesi, akafumua ulimi wa kiatu, akavihamisha. Kabla ya saa tisa alikuwa amekata uzi wa mwisho. Alivua gauni la kazi, akavaa viatu vya kanisani, akasema leo tunapanda wote.

Bibi alitufungulia akatutazama usoni, mahali ambapo kwake palikuwa shimo. Nilimtambulisha mama. Tukalitandaza turubai kwenye meza ya kulia, chini ya dirisha, nikamsimamisha kwenye ncha ya chemchemi, ameelekea yanakokwenda maji, nikakiweka kidole chake juu ya shanga.

Aliinamisha kichwa pembeni ili aone kwa pembe ya jicho, akaona rangi kidogo, akaacha. Akafumba macho. Kidole kikaanza kushuka. Mahameli ikakichukua. Alisema kitu kwa Kijerumani, neno moja, kwenye kodurai akasema jingine. Kwenye gunia akakunja pua, nami nikajua amesikia harufu. Kwenye satini alitulia. Kifungo alikizungusha mara moja, mara mbili, mara nyingi. Mama alinitazama, nami sikuwa na cha kutafsiri, kwa sababu hapakuwa na sentensi, majina tu. Zipu. Kisha kidole kikashuka kwenye sehemu tupu, na kabla hakijafika kwenye lesi, mkono wa kushoto wa bibi, ambao ulikuwa umelala mezani, uliondoka wenyewe ukaenda upande wake. Ukaikuta lesi pale.

Mama alishusha pumzi, nikaisikia.

Bibi alifika mpaka kwenye ngozi, akafika mpaka ukingo wa turubai, kidole kikadondoka kwenye mbao za meza. Akakirudisha. Sasa akaanza kupanda, taratibu, mahameli ikimzuia, naye akatabasamu kwa ule ukinzani. Alipita lesi, zipu, kifungo, bwawa. Kati ya bwawa na gunia akasimama, mahali ambapo hatukuweka kitu chochote, akawa anapapasa hapo hapo, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

Safari hii sikumeza swali. "Bibi, kuna kitu tumesahau hapo?"

"Hapana," akasema. "Hapa hapakuwa na kitu. Nikiwa mtoto nilikuwa nasimama hapa tu."